DNA ya pete: maswali yenu kuhusu saratani

Shuleni tulifundishwa DNA iko kwenye kromosomu 46. Hii DNA ya pete inayosemwa iko "nje" ya kromosomu iko wapi?

Imo humo humo ndani ya kiini cha seli, ila haijashikamana na kromosomu yoyote. Kipande hukatika, ncha zake zikaungana, ikawa pete. Tangu 1965 wataalamu walikuwa wakiziona kwa hadubini kwenye uvimbe wa watoto, vidoti viwili viwili.

Pete ndogo hivyo inadhuru nini?

Mara nyingi hubeba jeni za kuihimiza seli igawanyike, kama MYC au EGFR. Badala ya nakala mbili za kawaida, seli hujikuta na makumi, na DNA ya pete imelegea, husomeka upesi.

Ila balaa kubwa liko kwenye mgawanyo. Kromosomu huvutwa kwa nyuzi, kila seli changa ipate fungu sawa. Pete hazina pa kushikwa na nyuzi hizo. Chukua seli yenye pete 20: zikijinakili zinakuwa 40, halafu seli moja inaondoka na 31, ndugu yake 9. Bahati nasibu tupu! Vizazi vichache baadaye uvimbe mmoja una seli za kila namna, na dawa ikiingia haikosi kukuta zilizokwisha kujiandaa.

Baba alipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Ni hizi pete?

Pole sana. Bila vipimo vyake siwezi kusema, sababu ni nyingi. Lakini utafiti wa 2014 kuhusu glioblastoma, saratani ya ubongo, ulinishangaza: seli zilipopewa erlotinib, dawa ya kuzuia EGFR, zilipoteza pete zenye EGFR iliyobadilika, zikaiponyoka dawa. Dawa iliposimamishwa, pete zikarudi.

Nitawarithisha wanangu?

Hapana. Hizi hutokea kwenye uvimbe, si kwenye yai wala mbegu.

Kila mgonjwa anazo?

La. Uingereza, kati ya wagonjwa karibu 15,000 waliochunguzwa, zilionekana kwenye asilimia 17 hivi ya sampuli. Matokeo yalitoka 2024.

Kuna jirani anauza unga wa "kusafisha DNA". Ninunue?

Weka hela yako. Watafiti wamejaribu dawa ya kuzuia protini ya CHK1, maana seli zenye pete nyingi huitegemea sana, na kwa panya wenye uvimbe wa tumbo ilisaidia. Kwa panya, nasema. Huyo jirani wako amejaribu kwa nani?