Jua halimezwi, dadangu

SWALI: Assalam aleikum daktari. Mimi ni binti wa Kisauni, Mombasa, niko Glasgow, Uskoti, mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Tangu mwezi wa kumi nalala masaa kumi na bado naamka nimechoka, nakula mkate na wali kama mtu aliyefunga siku tatu, na nikisikia adhana kwenye simu ya mama machozi yananitoka. Mwaka jana ilikuwa hivihivi, ikaisha yenyewe mwezi wa tano. Mwenzangu tunayeishi naye kanipa vitamini D za yuniti 50,000, nameza kimoja kila siku. Mama naye kapata mtu huko anasema nimetupiwa jini, anataka shilingi 15,000 aniandikie kombe, aya za kuoshwa kwa maji ninywe. Nishike lipi, ama nirudi tu?

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu. Mie si daktari, ni muuguzi wa afya ya akili, nasema kila siku lakini haya. Ulichonacho chafanana na huzuni ya msimu, ule ugonjwa unaokuja jua likipungua na kuondoka likirudi. Hivyo vidonge viache leo, usingoje kesho. Vya 50,000 huandikwa na daktari baada ya kupima damu, kimoja kwa WIKI na kwa wiki chache tu, wewe dozi ya wiki unaimeza kila kukicha. Kiasi kinachoshauriwa huko Uingereza msimu wa baridi ni yuniti 400 kwa siku, na mtu mzima asipite 4,000 bila kuambiwa na daktari. Ikizidi, kalisiamu inajaa kwenye damu, unapata kiu, kichefuchefu, choo kigumu, na figo zinaumia. Nenda kwa daktari wa hapo mtaani kwako umwambie umemeza vingapi, akupime.

Sasa nije kwa linalonikera, manake wiki haipiti sijaulizwa na mtu wa Pwani aliye ng'ambo. Wote wana hesabu moja, ati huku hakuna jua, jua ni vitamini D, kwa hivyo nikimeza vitamini nimemeza jua. Siyo! Vitamini inatengenezwa na ngozi, nayo kazi yake kubwa ni mifupa. Usingizi na moyo wako vinaongozwa na mwanga unaoingia kwa JICHO, unakwenda mpaka kwenye saa iliyo ndani ya ubongo na kuiambia kumekucha. Hiyo saa yako imefunzwa Mombasa, ambako jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na kuzama kumi na mbili na kitu, Januari mpaka Disemba, tofauti hata huioni. Glasgow mwisho wa Disemba linatoka saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo alasiri lishazama. Masaa saba, na hayo saba yenyewe mawingu. Hakuna kidonge cha vitamini cha kuiambia saa ya ubongo kumekucha.

Na usione haya. Daktari aliyeandika habari za ugonjwa huu wa huzuni ya msimu na wenzake Marekani mwaka 1984, Norman Rosenthal, ni mzaliwa wa Johannesburg, alihamia New York 1976 na baridi ikamlegeza yeye mwenyewe. Mtoto wa Afrika kama wewe, na hakuna aliyemwandikia kombe.

Kuna kijana mmoja nilikuwa nazungumza naye kwa video, yuko kaskazini huko huko, kila tukionana nyuma yake kuna pazia la buluu limefungwa na taa ndogo ya mezani. Siku moja nikamwambia hebu fungua pazia, akasema hakuna cha kuona, ni mvua. Nikamwambia fungua tu. Uso wote ukabadilika rangi kwenye kioo cha simu yangu, ndipo akaelewa nataka nini. Mchana wa mawingu nje, hata kama wewe unauona giza, mara nyingi unapita lux 1,000 (lux ni kipimo cha mwanga), na sebuleni taa zote zikiwaka hupati hata 300. Kwa hivyo asubuhi ukipambazukiwa vaa jaketi utoke nusu saa, mvua si moto. Kama zamu zako hazikuruhusu, kuna taa maalum za lux 10,000, unakaa mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi, lakini soma hiyo 10,000 imepimwa kwa umbali gani, nyingine ni mpaka uweke pua kwenye kioo. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupandwa na furaha ya kupita kiasi akawa halali siku kadhaa, aulize daktari kwanza.

Halafu mama. Simu za alfajiri punguza. Saa kumi na moja anapoamka kuswali, kwako ni saa nane ya usiku, unaamka kumsikiliza, unalia, unalala tena mpaka mchana na ule mwanga kidogo umekupita. Mpigie jioni.

Ama huyo wa kombe, mie simgombezi mtu kwa dua, mama akusomee mpaka achoke, dua ya mama haina bei. Lakini jini gani huyo anayeondoka mwezi wa tano na kurudi wa kumi, ana kalenda? Hawa watu wamejua soko. Mtu wa ng'ambo ana pesa, yuko peke yake, na mamake ana hofu, kwa hivyo anasikilizwa sauti tu kwenye simu na ugonjwa ushajulikana. Leo kombe, kesho mbuzi, keshokutwa unaambiwa dawa za hospitali zinamkasirisha jini uziache, na hapo ndipo mie naletewa mtu ambaye angetibiwa miezi sita nyuma. Nimewaona walioacha dawa hivyo, mmoja alifika ikiwa siku ya nne hajala chakula. Yeyote anayekwambia usimwambie daktari, mkimbie. Na kama unafikia kuwaza bora ufe, usiandike barua kwangu, piga 111, namba ya huduma ya afya ya huko, usiku huohuo, ikiwa hatari ni ya sasa hivi piga 999 ya dharura.

Kurudi usiamue Januari. Ngoja mwezi wa tano jua likishatulia, ukiwa bado unataka kurudi basi hapo ni nyumbani unakokutaka kweli, kata tikiti. Na mama mwambie ile 15,000 asiitume.