Kabla ya kukimbilia dripu, jifunze kushika barakoa

Vijana wanaotaka kazi ya ambulansi huniuliza wapite wapi ili wafike ngazi ya juu haraka. Jibu langu halibadiliki: anza chini, ukae hapo mpaka mikono izoee.

Kwa mpangilio wa Marekani, ngazi ziko nne. Ya kwanza ni ya anayefika kabla ya wengine, mara nyingi askari wa zimamoto au polisi. Anakandamiza kifua, anatumia mashine ya kushtua moyo, anazuia damu, anafungua njia ya hewa. Mafunzo yake hayafiki saa 100. Wa pili anamhudumia mgonjwa na kumsafirisha, wa tatu anaongeza dripu na dawa chache. Paramediki, aliye juu yao, anasoma umeme wa moyo, anaingiza mrija kooni na anabeba dawa nyingi. Masomo yake huvuka saa 1,000.

Wengi macho yao yako kwenye ule mrija. Mimi namtazama kwanza mtu anavyoshika mfuko wa kupumulia, ule wenye barakoa ya kufunika mdomo na pua, unaominywa ili kusukuma hewa mapafuni, kwa sababu mrija ukikataa kuingia, ni mfuko huo utakaomweka mgonjwa hai.

Kidole gumba na cha shahada vibane barakoa. Vitatu vilivyobaki vishike mfupa wa taya na kuuinua uifuate barakoa. Ukiigandamiza barakoa usoni, taya inarudi nyuma na ulimi unaziba koo. Minya kwa sekunde moja. Kifua kikianza kuinuka, acha. Mtu mzima ambaye mapigo yapo ila hapumui, mpe pumzi moja kila sekunde 6. Hofu hufanya watu waminye mbio mbio, na hapo hewa inajaa tumboni, mgonjwa anatapika, matapishi yanaingia mapafuni. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili, mwenzake aminye. Nasisitiza hili kila nipatapo nafasi, maana kwa mkono mmoja hata wazoefu hewa huwavujia.

Ukienda kuulizia chuo, usiishie kwenye ada. Uliza kila mwanafunzi anashika sanamu ya mazoezi kwa muda gani, na kama kuna zamu za kupanda ambulansi na kukaa na wagonjwa wenyewe kabla ya mtihani. Wakianza kukusifia slaidi zao, tafuta kwingine.