Wasomaji Wanauliza: Tuhamishe vipi mifumo ya maduka kwenda kwenye wingu?

SWALI: Kampuni yetu ina maduka manne ya vyakula na vifaa vya nyumbani: mawili Kampala, moja Jinja, moja Mbale. Seva iko stoo ya Kampala, na umeme ukikatika hapo kaunta zote zinasimama. Mkurugenzi anataka kila kitu kiwe kwenye wingu kabla ya Krismasi. Tuanzie wapi?
Msimamizi wa mifumo, Kampala

JIBU: Ndugu msimamizi, wingu ni seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, kwa hiyo msihamishe kaunta. Programu ya mauzo ikitegemea seva ya mbali peke yake, mtakuwa mmeondoa tatizo la umeme wa stoo na kuweka la intaneti mahali pake. Uganda haina pwani. Mawasiliano yake hupita Kenya na Tanzania ndipo yafike kwenye nyaya za baharini. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nyingi za Afrika Mashariki ziliyumba. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo watu bado wanahitaji sukari na sabuni, na keshia lazima aweze kuwauzia.

Kwa hiyo kila duka libaki na kompyuta yake ndogo yenye hifadhidata ya bei, bidhaa na mauzo ya siku. RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 kwa kawaida zinatosha kaunta tano au sita. Iwekeeni UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, na ruta nayo iwe kwenye UPS hiyohiyo, wengi huisahau. Mauzo yaandikwe hapo kwanza, kisha yapande kwenye wingu kila baada ya dakika chache.

Hapa ndipo data nyingi hupotea: kaunta mbili zikiwa nje ya mtandao hutoa risiti yenye namba moja, tuseme 10452, na mtandao ukirudi rekodi moja inafuta nyingine. Kabla ya kuhamisha chochote, kila namba ianze na alama ya duka na ya kaunta, mfano MBL-2-10452. Kwa upande wa EFRIS, mfumo wa risiti na ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), muulizeni aliyewaunganishia mfumo mambo mawili: risiti zinafanyaje intaneti isipokuwepo, na funguo za siri za unganisho zimehifadhiwa wapi. Kama ziko kwenye seva ya stoo na hazikuhamishwa, siku ya kwanza hamtatoa hata ankara moja.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: nakala rudufu zitangulie, zifuate barua pepe na faili, kisha uhasibu na ripoti, na stoku ya maduka yote ije mwisho. Pimeni kasi ya kupakia, si ya kupakua. Hifadhidata ya GB 40 kwenye laini inayopakia Mbps 10 huchukua karibu saa tisa laini ikiwa tupu. Kwa hali halisi wekeni kumi na tatu. Pandisheni nakala kubwa siku chache kabla, na usiku wa kuhama mpeleke mabadiliko tu.

Jambo dogo linalovuruga hesabu: seva nyingi za wingu huja na saa za UTC, saa za kimataifa zilizo saa tatu nyuma ya Kampala. Kazi ya kufunga siku iliyopangwa 22:00 itaanza saa saba usiku, na bei mpya za kesho zitachelewa vilevile. Wekeni majira ya Africa/Kampala kwenye programu na kwenye ratiba za kazi.

Krismasi iacheni ipite. Chagueni usiku wa Jumanne baada ya tarehe 15, ritani ya VAT ikiwa imeshapelekwa na mwisho wa mwezi haujafika. Anzeni na Jinja peke yake. Kwa wiki mbili linganisheni jumla ya mauzo ya mfumo wa zamani na wa wingu kila jioni, na tofauti ikitokea, hata ya shilingi mia, itafuteni hadi ipatikane. Seva ya zamani msiifute: kumbukumbu za kodi hutakiwa kutunzwa miaka mitano.

SWALI: Seva za wingu zikiwa nje ya Uganda, tunavunja sheria?
Mhasibu, Jinja

JIBU: Hapana, mkizingatia masharti. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaruhusu taarifa za watu kuchakatwa nje ikiwa huko zinalindwa kwa kiwango kinacholingana na cha sheria hiyo, au mwenyewe ameridhia. Kwenu hilo linagusa hasa majina na namba za simu za wateja wa kadi za pointi, kwa hiyo ongezeni ridhaa kwenye fomu ya kujiunga. Vituo vikubwa vilivyo barani viko Afrika Kusini: Microsoft na Google Johannesburg, Amazon Cape Town. Jaribuni kasi mkiwa Mbale, si ofisini Kampala tu. Na kwa kuwa bili huja kwa dola, wekeni tahadhari ya matumizi tangu siku ya kwanza na zimeni seva za majaribio kila Ijumaa jioni.