Mpaka Uso wa Kumi na Mbili Uingie: Ushauri kwa Wanaoanza Kuunda Maumbo ya Mbao Yenye Nyuso Nyingi

Dodekahedroni yangu ya kwanza, yaani umbo la nyuso kumi na mbili za pembetano, ilikwenda vizuri mpaka uso wa kumi na moja. Pembetano ziliungana moja baada ya nyingine, na mianya michache iliyojitokeza ilikuwa myembamba kiasi kwamba niliiachia gundi iizibe. Nilipouchukua uso wa mwisho na kuuweka mahali pake, ulikwama upande mmoja, na upande wa pili ukaacha nafasi ambayo ncha ya penseli ingepita. Niliukata uso ule upya mara tatu, nikidhani kosa ni lake, kumbe uso huo ulikuwa umebebeshwa makosa madogo ya wenzake wote waliotangulia. Umbo hilo lina nyuso 12, vipeo 20 (ncha ambapo nyuso hukutana) na kingo 30. Kila ukingo ni mahali ambapo vipande viwili vilivyokatwa mshazari hukutana, kwa hiyo kuna mikato 60 inayopaswa kufanana. Robo ya digrii ambayo jicho haliioni katika mkato mmoja hujidhihirisha pale mikato yote inapokutana.

Jambo hilo ndilo ninalotaka mwenzangu unayeanza ulishike kabla hujanunua mbao nzuri: kazi hii huamuliwa kwenye pembe na kwenye ulinganifu wa vipande, muda mrefu kabla chupa ya gundi haijafunguliwa.

Maumbo ambayo watu wengi hupenda kuanza nayo ni yale matano yaliyojulikana tangu kwa Wagiriki wa kale, ambayo nyuso zake zote ni sawa na kila kipeo kinakutanisha idadi ileile ya nyuso: tetrahedroni ya pembetatu 4, mchemraba wa miraba 6, oktahedroni ya pembetatu 8, dodekahedroni ya pembetano 12 na ikosahedroni ya pembetatu 20. Anayeanza huvutwa na tetrahedroni kwa sababu ina nyuso chache kuliko zote, naye huingia matatani siku hiyohiyo. Ukitaka kuijenga kwa vibao, mkato wake wa mshazari ni wa digrii 54.74, ilhali misumeno mingi ya meza hulaza bledi hadi digrii 45 tu. Uchache wa nyuso haumaanishi wepesi wa kazi.

Mimi humshauri anayeanza asijenge kwa vibao kabisa katika kazi yake ya kwanza, bali achonge umbo kutoka kwenye mchemraba mmoja wa mbao ngumu wenye ukingo wa milimita 80 hivi. Weka alama katikati ya kila ukingo, kisha, kwenye kila pembe ya mchemraba, unganisha alama tatu zinazoizunguka kwa mistari iliyonyooka. Ukizikata pembe zote nane kwa kufuata mistari hiyo, utabaki na umbo lenye pembetatu 8 na miraba 6, ambalo wanahisabati huliita kuboktahedroni. Kata kwa msumeno wa mkono ukiacha milimita moja nje ya mstari, kisha malizia kwa randa yenye makali hasa. Sukuma randa kutoka kwenye ncha kuelekea katikati ya uso, kwa maana ikitoka nje kupitia kwenye ncha, nyuzi za mbao zinakosa kitu cha kuziegemea na ncha humeguka.

Kazi hiyo moja itakufundisha mengi. Kila ukingo wa umbo lililokamilika unapaswa kuwa na milimita 56.6, na kila kipeo, kati ya vyote 12, kinapaswa kuwa nukta kali ambapo miraba miwili na pembetatu mbili hukutana. Ukikata pembe moja kwa kina kupita kiasi, badala ya nukta utaona ukingo mfupi usiotakiwa. Ukikata pungufu, utauona vilevile, ila umelala upande mwingine. Ukikaa na umbo hilo mkononi, ukiligeuza kipeo baada ya kipeo na kurudisha randa mara mbili tatu pale panapohitaji, utajua nusu milimita ni kitu gani. Kumbuka tu kwamba mchemraba wenyewe lazima uwe wa mraba kweli kabla ya kuanza. Ukaguzi wa skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, kwenye nyuso zote sita si wa kurukwa.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye maumbo ya vibao, na hapa mkanganyiko wa kwanza huwa ni pembe ipi iwekwe kwenye mashine. Pembe kati ya nyuso mbili jirani za dodekahedroni ni digrii 116.57. Mtu huigawa kwa mbili, akapata takriban 58.28, akaenda nayo moja kwa moja kwenye msumeno. Namba hiyo ni sahihi, lakini ni ya pembe inayobaki ndani ya ubao. Kipimo cha mashine husoma sifuri bledi ikiwa imesimama wima, kwa hiyo unachohitaji ni 90 kutoa 58.28, yaani digrii 31.72. Kwa njia hiyohiyo, oktahedroni huhitaji digrii 35.26 na ikosahedroni digrii 20.9.

Hata ukiwa na namba sahihi, usikiamini kipimo kilichochorwa kwenye mashine, kwa sababu mistari yake ni minene kuliko kosa unalojaribu kuliepuka. Njia ninayoitumia ni kuichora pembe kwa urefu badala ya kwa digrii. Chora kwenye ubao laini mstari wa milimita 200, na kwenye ncha yake moja simamisha mstari wa wima kwa skwea. Kwa dodekahedroni, pima milimita 123.6 kwenye mstari wa wima. Kwa oktahedroni, 141.4, kwa ikosahedroni, 76.4. Ukiunganisha alama hiyo na ncha ya pili ya mstari wa kwanza, pembe iliyo kwenye ncha hiyo ya pili ndiyo unayoitafuta. Kwa dodekahedroni, kosa la nusu milimita katika mchoro wa ukubwa huo ni takriban moja ya kumi ya digrii, usahihi ambao kipimapembe cha plastiki cha shuleni hakiwezi kuukaribia. Iwekee pembe hiyo kipimapembe cha kukunjika, kile chenye ulimi unaokazwa kwa skrubu, kisha kiegemeze kwenye bledi yenyewe, kati ya jino na jino, na uilaze bledi mpaka mwanga usipite.

Kisha kata kipeo cha majaribio. Chukua ubao wa bei nafuu wenye unene uleule wa ubao utakaoutumia, tengeneza pembetano tatu, na uzifunge kwa utepe zikizunguka kipeo kimoja bila gundi. Tatu zinatosha, kwa sababu zikishakutana pembeni zote, umbo hilo dogo haliwezi kukunjika tena, na kosa halina pa kujificha. Tazama mianya. Ukiuona mwanya upande wa nje, huku kingo za ndani zimegusana, mkato wako umelala kidogo kuliko inavyotakiwa na mbao iliyobaki ndani inazizuia kingo za nje zisikutane, ongeza pembe. Ukiona nje pamefunga vizuri lakini ndani pana mwanya, umepitiliza. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ni afadhali likiwa dogo sana, maana jicho halifiki ndani. Lakini likizidi, gundi inakosa mahali pa kushika na kiungo kitaachia siku ukilidondosha umbo. Nimewahi kurudia kipeo cha majaribio mara saba kabla ya kuigusa mbao ya kazi, na saa zile sizijutii.

Kuhusu ukataji wenyewe, kata kwanza pembetano zote zikiwa na kingo za wima, zilingane kabisa, ndipo uzilaze kingo kwa mkato wa mshazari. Ukikata mshazari tangu mwanzo, ukingo mwembamba uliokwisha kukatwa huteleza chini ya ubao wa kuegemezea, kipande husogea sehemu ya milimita, na pembetano ya mwisho huwa ndogo kuliko ya kwanza bila wewe kujua. Tengeneza jigi, yaani kifaa cha kushikilia na kuongoza kipande, linalotelezeshwa juu ya meza ya msumeno, lenye kizuizi kisichosogea, na lenye kibano cha kukandamiza kipande. Kibano hicho si cha usahihi peke yake: vipande hivi ni vidogo, na vidole havina ruhusa ya kuvishika karibu na bledi. Vilevile vaa barakoa inayochuja vumbi, kwa kuwa vumbi la mbao limethibitishwa kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani, hasa ya pua na uwazi wake.

Ukimaliza, pangilia vipande vyote kama rundo la sahani, uupitishe ukucha pembeni mwa rundo upande kwa upande. Ukucha huhisi tofauti ambayo rula haionyeshi.

Mbao nayo ina tabia zake, na umbo lenye nyuso nyingi haliisamehe. Mbao inapopoteza unyevu husinyaa kwa upana wa nyuzi, lakini kwa urefu wa nyuzi haibadiliki karibu kabisa; tena kusinyaa kwa kufuata duara za ukuaji ni kama maradufu ya kule kwa kuelekea moyo wa gogo. Maana yake ni kwamba pembetano iliyokatwa leo kwa usahihi, ikiachwa kwenye benchi wiki mbili katika hali ya hewa inayobadilika, si pembetano ileile tena: imepungua upande mmoja na kubaki vilevile upande mwingine. Kwa hiyo iache mbao ikae karakana majuma kadhaa kabla ya kazi, kata vipande vyote siku moja kutoka kwenye ubao mmoja, na usikawie kuviunganisha. Unene wa milimita 6 hadi 8 unatosha kwa ukingo wa milimita 60 hadi 80. Ubao mnene husukumana na jirani zake kwa nguvu kubwa zaidi na mwishowe viungo hupasuka. Kwa anayeanza napendekeza mkangazi, kwa kuwa unakatika vizuri na haumegeki ovyo. Msaji una mafuta yanayoizuia gundi kushika, hivyo viungo vyake hupaswa kufutwa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kuunganishwa. Mpingo ni mzuri mno, lakini usubiri.

Kuunganisha hufanyika kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Laza pembetano moja mezani, uso wa nje ukitazama juu, zungusha nyingine tano pembeni mwake kama petali za ua, zikigusana kingo kwa kingo, bandika utepe juu ya kila kiungo kwa kuuvuta kidogo, kisha pindua ua hilo lote. Mifereji iliyo kati ya vipande sasa inatazama juu. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa tabaka jembamba pande zote mbili za mfereji, kunja petali tano juu, nazo zitajifunga zenyewe kuwa bakuli. Tengeneza bakuli la pili vivyo hivyo, ila kabla gundi haijakauka hakikisha kwamba mabakuli yote mawili yanakutana bila kulazimishwa.

Hapa pana jambo ambalo halikuniingia akilini mpaka umbo la tatu. Mdomo wa bakuli hilo si bapa. Una meno matano yanayopanda na kushuka, na meno ya bakuli moja huingia katika mapengo ya jingine. Kwa kuwa yako matano, kuna namna tano za kuyaweka mabakuli hayo pamoja, na makosa madogo yaliyomo katika kila moja hupatana vizuri zaidi katika namna moja kuliko nyingine. Jaribu zote tano bila gundi, taratibu, ukitazama mianya kwenye mwanga, kisha weka alama ya penseli inayovuka kiungo katika namna iliyo bora. Niliwahi kuwa na mabakuli mawili niliyokaribia kuyatupa, na katika namna ya nne yakakaa kama yaliyozaliwa pamoja.

Msasa ubandikwe kwenye ubao bapa au kioo, na umbo ndilo lisogezwe juu yake. Ukiushika msasa kwa mkono, vidole huubonyeza pembeni na kingo kali ulizozihangaikia huviringika. Anza na namba 120, nenda 180, malizia 240, kila uso ukifuata mwelekeo wa nyuzi zake wenyewe, kwa sababu mikwaruzo inayokatisha nyuzi hujitokeza mara tu mafuta yanapopakwa. Mafuta ya kitani huipendeza kazi hii kuliko vanishi nzito, ambayo hujikusanya kwenye kingo na kuzifanya butu. Vitambaa vilivyoloa mafuta hayo usivikunje wala kuvirundika, kwani hupata joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kuwaka moto bila kuguswa. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vizamishe majini.

Vipeo vyako vya majaribio visitupwe. Andika nyuma ya kila kimoja umbo lake, unene wa ubao na urefu uliopima kwenye mstari wa wima, kisha uvitundike ukutani karibu na msumeno. Siku utakapotaka dodekahedroni nyingine, kipeo kilichofunga vizuri ndicho utakachokiwekea kipimapembe chako.