Nissan Leaf, gari ya umeme: Zanzibar Mjini–Nungwi kwenda na kurudi kwa chaji moja

Inafika na kurudi, ila iwe ya betri ya kWh 40 (kipimo cha umeme unaoingia kwenye betri), ile iliyoanza kuuzwa Japani 2017. Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, safari nzima 120 hivi, na gari hiyo ilipopimwa Marekani ilipewa kilomita 243. Zile 400 za tangazo la Kijapani usizishike, kipimo chao cha wakati ule kilikuwa laini mno.

Ya mwanzo, kWh 24, ilipewa 117 tu ikiwa mpya. Tena betri za Leaf hizi mbili hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, joto letu linazila. Kabla hujalipa tazama vijistari 12 pembeni mwa geji ya chaji. Kila kilichozimika ni uwezo uliokwisha potea.

Nimeiendesha ya kWh 40 hadi Mkokotoni: kimya kabisa, inaondoka kwa nguvu, na ukiachia pedali inajizuia yenyewe huku ikirudisha umeme. Nimeipenda kweli. Lakini kwa soketi ya nyumbani, ikiwa tupu, usiku mmoja hautoshi kuijaza.