Kwa Kijana Anayeanza na Pikipiki za Tabo

Vijana wanaofika Muscat kujifunza kazi kwenye gereji za pikipiki kubwa huuliza kwanza pikipiki ina nguvu ya farasi wangapi. Nawaelewa, lakini kwa pikipiki yenye tabo swali la kwanza ni lingine: ukinyonga ekseleta, nguvu inachelewa kiasi gani kufika, na ikifika wewe utakuwa wapi barabarani? Fundi asiyejua jibu la swali hilo hawezi kuitengeneza ikatulia. Anayeipanda bila kulijua anaweza kupoteza maisha kwenye kona ya kwanza.

Tuanze na tabo yenyewe, yaani turbo. Moshi unaotoka kwenye silinda una joto na kasi, na kwenye pikipiki ya kawaida vyote hivyo vinapotelea kwenye eksozi. Tabo inaupitisha moshi huo kwenye gurudumu dogo la mapanga, ulizungushe. Upande wa pili wa fimbo inayolibeba gurudumu hilo kuna gurudumu jingine linalovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo inaongezwa, na mlipuko unakuwa mkubwa kuliko ukubwa wa injini ungeruhusu. Wazo ni la zamani, Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Kwenye tabo ndogo za pikipiki fimbo hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ikumbuke namba hiyo, maana tutairudia tukifika kwenye oili.

Raha yake siwezi kuificha, kwa sababu ndiyo iliyonishika mimi na ndiyo itakayokushika wewe. Mizunguko ya injini ikiwa chini pikipiki inakwenda kwa upole, unaweza hata kudhani umeuziwa injini iliyochoka. Kisha presha ya tabo inajaa. Unasikia mluzi mwembamba chini ya tangi, mikono inanyooka, kiti kinakusukuma mgongoni, na gia ya tatu inakupa msukumo ambao injini ya kawaida hata kwenye gia ya kwanza inautafuta. Tena haupungui mapema, unaendelea kukua mpaka wewe mwenyewe uurudishe mkono. Sijapanda chombo kingine chenye hisia kama hiyo.

Hatari imejificha katika ule upole wa mwanzo. Gurudumu la tabo halizunguki kwa mkono wako, linazungushwa na moshi, na moshi wa kutosha haupo mpaka injini iwe imeshafanya kazi. Kati ya kunyonga na kupata pana pengo. Kwenye gari pengo hilo hukera tu. Kwenye pikipiki, angalia kinachotokea: unaingia kona, unaachia ekseleta, tabo inapoa mwendo. Katikati ya kona, pikipiki ikiwa imelala, unanyonga kidogo ili utoke. Hakuna kitu. Unanyonga zaidi. Bado. Ghafla presha inafika yote kwa pamoja, tairi la nyuma likiwa limekanyaga ukingoni, na linateleza. Mwili wako ulifanya kile ulichozoea kwenye pikipiki nyingine zote, na ndicho kilichokuangusha.

Kwa hiyo jifunze pengo kabla ya kujifunza nguvu. Tafuta barabara iliyonyooka na tupu, chukua gia ya tatu, nyonga kutoka mizunguko 3,000, kisha 4,000, kisha 5,000, na sikiliza presha inaanzia wapi na inachukua muda gani. Rudia mpaka masikio yako yajue bila kutazama saa za dashibodi. Ukishalijua, shusha gia kabla ya kona ili mizunguko isianguke, fungua ekseleta mapema na kwa wepesi ili tabo iendelee kuzunguka, na uache kunyonga kwa nguvu mpaka pikipiki isimame wima. Ukitaka kupita lori ni hivyohivyo, shusha gia ungali nyuma yake, usisubiri mpaka uwe upande wa magari yanayokuja. Na barabara ikiwa na maji, au mchanga kama huku kwetu, iache tabo ilale. Hapo sina mjadala na mtu.

Wajapani walipambana na pengo hili miaka ya 1980, na fundi anayeanza atafaidika akitazama walivyofanya. Honda walileta CX500 Turbo mwaka 1982, silinda mbili tu, cc 497, ikatoa farasi 82 kwa msaada wa kompyuta iliyopima petroli. Yamaha mwaka huohuo walileta XJ650 Turbo, wao wakabaki na kabureta. Suzuki wakafuata na XN85. Kawasaki, ambao huko Marekani walikwishauza Z1R-TC mwaka 1978 ikiwa na tabo ya kufungwa nje ya kiwanda, wakaja na GPz750 Turbo ya mwaka 1984 yenye farasi 112. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayowaambia wanafunzi wangu waitafute picha yake na kuitazama kwa makini. Tabo imewekwa mbele, karibu kabisa na matundu ya kutolea moshi, ili moshi usisafiri mbali na kupoteza joto na kasi njiani. Pengo likapungua. Ukifunga tabo leo, fuata kanuni hiyohiyo: bomba fupi, viungo visivyovuja, joto lisiachwe litoke kabla halijafanya kazi.

Hata hivyo zote zilikoma kutengenezwa ndani ya miaka michache. Mwaka huohuo wa 1984 Kawasaki walitoa GPZ900R, cc 908, isiyo na tabo, ikiwa na farasi karibu 115. Mnunuzi alipata nguvu ileile bila bomba za ziada, bila joto la ziada na bila kusubiri. Kwa maoni yangu soko liliamua sawasawa. Kwa mtu anayetaka pikipiki ya kumpeleka kazini kila siku, injini kubwa ya kawaida inamfaa zaidi, na mteja akikuuliza mwambie hivyo bila kuogopa kukosa kazi yake. Wengine watakutajia Kawasaki Ninja H2 ya 2015. Hiyo si tabo. Pampu yake ya hewa inazungushwa na injini yenyewe kwa gia, kwa hiyo haina pengo la kusubiri moshi, ingawa inakula sehemu ya nguvu ya injini ili izunguke.

Huku Ghuba kazi nyingi ni Suzuki Hayabusa za kuongezewa tabo, na hapa ndipo injini nyingi hufa. Hayabusa ya mwanzo, ya 1999, ina mgandamizo wa 11 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa mpaka moja ya kumi na moja ya nafasi yake. Iliyotoka 2008 ina 12.5 kwa 1. Viwango hivyo vilipangwa kwa hewa ya kawaida. Ukishindilia hewa juu yake, mchanganyiko unapata joto mno na sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini inagonga, na ikigonga chini ya presha kubwa pistoni inatoboka kwa muda mfupi sana. Kumbuka Kawasaki kwenye GPz750 waliteremsha mgandamizo kutoka 9.5 hadi 7.8 kabla ya kuweka tabo. Mafundi wa Hayabusa huweka pistoni za mgandamizo mdogo au bamba chini ya silinda ili kuinua kichwa cha silinda kidogo. Mteja atakusihi uanze na tabo na pistoni zifuate mwezi ujao. Kataa. Pampu ya petroli, nozeli, mpangilio wa kompyuta, klachi ya kubeba nguvu hiyo, breki na matairi vitangulie, presha ije mwisho, na ianze ndogo. Tena usipange kompyuta kwa hewa ya Januari halafu ukamkabidhi mtu aendeshe Agosti. Hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 45 tayari, ikishindiliwa hupata joto zaidi. Kipoza hewa, kinachokaa kati ya tabo na injini, kinasaidia, lakini kina mipaka yake.

Sasa oili. Fimbo inayozunguka mara 100,000 kwa dakika, kwenye tabo nyingi, haikai juu ya beringi za gololi, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukizima injini baada ya mwendo mkali, pampu inasimama, oili iliyobaki ndani ya tabo inaungua kwa joto la chuma na kugeuka makaa, na makaa hayo huziba njia na kukwaruza fimbo. Endesha taratibu kilomita ya mwisho, kisha iache injini iungurume dakika mbili au tatu kabla ya kuzima. Asubuhi nayo usinyonge kwa nguvu mpaka injini ipate moto. Badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, na iwe nzuri. Gharama hii wateja huisahau wanapopiga hesabu ya tabo peke yake.

Ndugu zangu wa Nairobi na Mbeya nao wana sababu yao ya kuipenda tabo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo injini ya kawaida inapungua nguvu. Tabo inaweza kuirudisha hewa iliyokosekana. Sanford Moss, mhandisi wa General Electric, alilithibitisha hilo mwaka 1918 alipopandisha injini ya ndege hadi Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000, akaijaribu pale ikiwa na tabo. Usidanganyike tu ukadhani tabo inazunguka kwa raha huko juu. Inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuifikia presha ileile.

Na kwa wale wanaotaka mbio: mwaka 2011 Bill Warner, Mmarekani, alipita kilomita 500 kwa saa juu ya Hayabusa ya tabo kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Loring, Maine. Mwaka 2013 alirudi palepale kujaribu tena, akaanguka, akafariki. Alikuwa na ujuzi ambao wewe na mimi hatuna, na alikuwa kwenye njia iliyofungwa. Barabara ya umma haina mahali pa jaribio kama hilo, hata usiku wa manane.

Ukipelekwa kukagua pikipiki ya tabo inayouzwa, ikague ikiwa ya baridi, kabla mwenyewe hajaiwasha. Fungua bomba la hewa, shika ncha ya fimbo kwa vidole viwili, isukume pembeni na ndani nje. Mchezo mdogo sana wa pembeni ni wa kawaida. Ikigusa ukuta, au ikicheza ndani nje, beringi zimekwisha. Pitisha kidole ndani ya bomba uone kama kuna oili. Halafu iwashe, ipate moto, uachie ekseleta ghafla na utazame eksozi. Moshi wa buluu una maana oili inapita mahali isipotakiwa. Ikiwa ni moja ya zile za miaka ya 1980, uliza kabla ya bei kama tabo yake ya asili bado inapatikana au kama kuna fundi wa karibu anayeweza kuifufua. Bila jibu la hilo, mwambie mteja asitoe hata pesa ya kushika mali.