Mgomba Usio na Mbegu Ulizaliwaje?

SWALI: Ndizi haina mbegu, na mgomba tunaupanda kwa chipukizi. Wa kwanza ulitoka wapi? Na je, mchare wetu una undugu na ndizi zinazouzwa Ulaya? – Msomaji, Moshi

JIBU: Wa kwanza ulikuwa na mbegu, tena nyingi: nyeusi, ngumu kama kokoto, na nyama kidogo tu ya kuzizunguka. Migomba mwitu ya namna hiyo ingali inaota Asia ya Kusini-Mashariki hadi Papua Guinea Mpya. Karibu ndizi zote tunazokula zimetokana na miwili kati yake: *Musa acuminata*, inayoandikwa A, na *Musa balbisiana*, B. Mchare ni AA, matoke AAA, mzuzu AAB, bokoboko ABB.

Kila herufi ni seti ya kromosomu 11, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Kwa kawaida yai na chavua hubeba nusu ya kromosomu za mzazi. Mara chache mgawanyo hushindikana, upande mmoja ukabeba zote 22. Ukikutana na 11 za mwenzake, mche unazaliwa na 33. Idadi hiyo haigawanyiki kwa mbili, ndiyo maana mbegu hazifanyiki. Mchare una 22 na bado hauna mbegu, kwa kuwa tunda lake hujaa nyama bila kuchavushwa, na kromosomu za wazazi wake zimepangika tofauti, hazioani vizuri.

Undugu upo, tena wa karibu. Vipimo vya jeni vinaonyesha kuwa Cavendish, ndizi kuu inayouzwa Ulaya, na Gros Michel iliyoitangulia sokoni, zilirithi kromosomu 22 kati ya 33 kutoka kwa mzazi wa ukoo wa mchare na mlali, ndizi ya Comoro. Kihamba, shamba la nyumbani la Kilimanjaro, kinatunza ukoo uliozaa ndizi za biashara za dunia nzima!

SWALI: Nitatambuaje damu ya B shambani? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Chukua jani la tatu kutoka juu. Kata kikonyo kwa kisu kikali, katikati ya shina na bapa la jani, utazame mkato. Mfereji ukiwa wazi na kingo zimelala nje, hiyo ni A. Kingo zikijikunja ndani hadi karibu kugusana, B ipo kwa wingi. Jaribu kwenye bokoboko. Jani lililoanza kukauka hudanganya, liache. Kisha tazama ua linaloning'inia chini ya mkungu: magamba ya A hujiviringisha kwa nyuma yakifunguka, ya B hunyanyuka tu. Dalili moja haitoshi. Mizani ya wataalamu wa migomba Simmonds na Shepherd ya 1955 ina dalili 15, kila moja alama 1 hadi 5. Acuminata halisi hupata 15, balbisiana 75.

SWALI: Mnyauko fuzari umemaliza mchare wangu. Nikinunua miche ya maabara itapona? – Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Maabara husafisha mche, haibadilishi jeni: ni mchare uleule, na kuvu wa fuzari hukaa udongoni miaka mingi. Kwenye eneo hilo panda matoke, ambayo huhimili aina ya fuzari inayoua mchare. Mchare upeleke kwenye udongo ambao haujaugua, na jembe lioshwe kwanza.